Madeni Chini ya Boneti

Ndugu msomaji, hakuna kitu kinachomlaghai kijana wa mjini kama gari la spoti lililooshwa vizuri. Nyumba ya kupanga utaizunguka, utagonga ukuta, utawauliza majirani kama maji yanatoka kila siku. Mchumba utatuma watu kwao wakaulize habari za ukoo. Lakini gari la chini, lenye rimu pana na mlio mzito wa ekzosi, unalitazama mara moja tu na mkono tayari uko mfukoni. Maswali yanakuja baadaye, siku ya sevisi, na wakati huo muuzaji hapokei tena simu.

Nataka kuandika juu ya siku hiyo ya sevisi. Wengi wetu tunaiona kama jambo dogo: unamwaga oili, unabadilisha filta na plagi, unampa fundi chake, unaondoka zako. Mimi nilikaa miaka miwili kwenye gereji moja ya Kashai, mjini Bukoba, baada ya kumaliza sekondari. Nilikuwa nikishika spana, nikisukuma magari, na zaidi ya yote nikimwandikia fundi mkuu hesabu zake kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Nilichokiona pale ni kwamba gari lililotumika linakuja na madeni ya watu usiowajua. Kila aliyelimiliki kuna jambo aliliahirisha, akasema nitalifanya mwezi ujao, kisha akaliuza. Sevisi ya kwanza ndiyo siku madeni hayo yanaposomwa kwa sauti. Na ukishayasikia, una njia mbili: uyalipe, au umpitishie mwenzako kimya kimya.

Gari ninalolizungumzia lilikuwa Toyota Altezza, mali ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Kwa wasiolijua, Altezza lilitengenezwa Japan kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na kule Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Mwaka lilipotoka lilichaguliwa kuwa gari bora la mwaka la Japan. Hili la kaka lilikuwa RS200, yaani lile lenye injini ya lita mbili ya 3S-GE na gia sita za mkono. Kiwandani injini hiyo ilipewa nguvu farasi 210. Saa zake za dashibodi zimepangwa kama za saa ya mkononi ya bei mbaya, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Kwa kijana, hapo maneno yamekwisha.

Kaka alikuwa amevua na kuuza dagaa miaka sita katika kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Wanaoijua kazi hiyo wanajua maana ya miaka sita: usiku wa giza ndio wa kazi, taa juu ya maji, baridi, mawimbi, na mbalamwezi ikitoka mfuko unalala. Alinunua gari lake Dar es Salaam kwa shilingi 8,500,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa amelitumia kidogo, au ndivyo alivyosema. Akaliendesha mwenyewe mpaka Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Halikuzimika hata mara moja, na kaka akalichukua hilo kuwa cheti cha afya.

Ilikuwa Juni 2021. Jumamosi ya wiki ile dada yetu alikuwa anaolewa Kamachumu, na ilishapangwa kwamba Altezza ndilo litakalombeba bibi harusi na mama mkubwa. Jumatatu kaka akalileta gereji. Alikuwa na shilingi 180,000 kwa ajili ya sevisi na nyingine 600,000 alizoziweka kando kwa ajili ya redio na rimu mpya. Akasema, "Mzee, shikamoo. Naomba uniwekee oili na plagi tu, jioni nilichukue."

Fundi wetu mkuu ni mtu wa maneno machache. Akaitikia marahaba, akauliza linakwenda wapi. Kaka akasema Kamachumu, kwenye harusi. Mzee akasema, "Basi kabla ya oili nifungulieni magurudumu."

Hapa nikueleze jambo la jiografia. Ukitoka Bukoba unapanda hadi Rwamishenye, unapita Kemondo, unafika Muhutwe. Kwenda Kamachumu unaacha njia kuu na kupanda mlima. Kupanda si hoja, injini ya Altezza inapanda ikiimba. Hoja ni kushuka. Gari limejaa watu, kona inafuata kona, na mguu uko kwenye breki karibu muda wote. Ndiyo maana Mzee alianzia magurudumu.

Gurudumu la kwanza lilipotoka tulikuta brekipedi zimebaki unene wa ukucha. Hilo ni la kawaida. Lakini Mzee akaikunja hozi ya breki kwa vidole viwili, na ule mpira ukafunguka nyufa kama udongo wa kiangazi. Upande wa pili vilevile. Akafungua kopo la mafuta ya breki: yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa. Mafuta ya breki, ndugu msomaji, yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie angalau nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali inazama mpaka chini kama imekanyagwa hewani. Ndiyo sababu mafundi wanasisitiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halijaonyesha tatizo.

Tukalishika gurudumu juu na chini tukalitikisa. Likacheza. Boljointi ya chini, ile goroka ya chuma inayounganisha gurudumu na mkono wake, ilikuwa imelegea. Ikichomoka njiani, gurudumu linalala upande na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Nikaambiwa nisome namba za tairi. Kwenye ubavu wa kila tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilisomeka 2311. Yaani tairi zile zilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Meno yake yalikuwa bado marefu, ndiyo maana zilimpumbaza kila mtu, lakini zilikuwa na miaka kumi, na ukiziinamia uliona mpira umekauka.

Kaka alikuwa amesimama pale na funguo zake kidoleni. Akajaribu kucheka. "Kwani Mzee, si limetoka Dar likiwa zima?"

Mzee akamjibu, "Limefika, mwanangu. Kuwa zima ni habari nyingine."

Siku ya pili tukafungua kifuniko cha mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha mzunguko wa chini wa injini na wa juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwenye injini kama hii ukikatika, pistoni zinapanda na kuzigonga valvu, na kilichokuwa sevisi kinageuka kuwa kununua injini. Watengenezaji wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kaka hakuwa na wasiwasi kabisa na mkanda. Dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 81,206, kwa hiyo kwa hesabu yake ulikuwa na safari ndefu mbele.

Pembeni mwa kifuniko, chini ya vumbi na mafuta, kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa. Mafundi wa Japan wana desturi nzuri ya kubandika kikaratasi wakibadilisha mkanda, kuonyesha tarehe na kilomita. Nikakifuta kwa tambara. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, sikuyaelewa, lakini tarakimu ni tarakimu. Kulikuwa na 24, kisha 5, kisha 103,420.

Nikalisoma tena. Nikamwita Mzee.

Ile 24 ilinisumbua kidogo. Baadaye nikafahamu kwamba Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, na huo ndio mwaka wa kwanza, kwa hiyo mwaka wa 24 ni 2012. Kumbe Mei 2012 gari hili lilikuwa tayari limetembea kilomita 103,420, na leo, miaka tisa baadaye, dashibodi inasema 81,206. Gari halitembei kinyumenyume, ndugu zangu. Kuna mtu, mahali fulani kati ya Japan na Kashai, aliyekaa chini akarudisha saa ya kilomita nyuma, na hakujua kwamba ushahidi umebandikwa kwenye injini. Ni nani? Hatujui mpaka leo, na sitamtaja mtu kwa kubahatisha. Tulichojua ni kwamba kilomita za kweli hazijulikani tena. Mkanda wenyewe ulikuwa na nyufa, na sili ya juu ilikuwa ikivuja oili juu yake.

Siku hiyohiyo Mzee akachukua sumaku ndogo, ile ya kutoka kwenye spika mbovu, akaipitisha kwenye bodi. Ilinata kila mahali isipokuwa bawa la mbele kushoto, ambako iliteleza na kudondoka. Pale chuma kilikuwa kimefunikwa na puti, ule unga mzito wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Akaingia chini na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Kona ile ya kushoto ilikuwa na sauti ya debe lenye mchanga. Tulipokwangua tukakuta mstari wa kulehemu. Gari lilikuwa limewahi kugonga kitu, au kugongwa, na aliyelitengeneza alijali zaidi rangi kuliko mfupa. Na tumboni, huku nyuma, kulikuwa na kutu ya namna ambayo hatuipati hapa kwetu. Mzee alisema magari mengi yanayotoka sehemu za baridi za Japan huja nayo, kwa sababu kule wakati wa theluji hunyunyizia chumvi barabarani ili barafu iyeyuke.

Utaniuliza, je, Wajapani hawakagui magari yao? Wanakagua sana. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Ndiyo maana wengi gari likishazeeka kidogo huona heri waliuze kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Sisi huku tunapokea kilichouzwa. Kwa hiyo mara nyingi gari linakuja kwetu katika wakati ambapo bili zake zimeanza kuiva.

Mzee akaniambia nichukue daftari. Akataja, nikaandika:

Mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili: 280,000.
Boljointi mbili za chini: 160,000.
Hozi mbili za breki: 60,000.
Mafuta ya breki: 20,000.
Brekipedi: 70,000.
Tairi nne: 800,000.
Oili, filta na plagi, zile alizozijia: 180,000.
Ufundi: 150,000.

Jumla 1,720,000. Na hapo kulehemu upya ile kona, kutu na rangi havikuguswa.

Kaka alikaa juu ya tairi kuukuu. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa najua kila shilingi yake ilikuwa na usiku wake majini, na nilikosa pa kuangalia.

Hapa ndipo nilipojifunza utaratibu ambao naomba kila kijana mwenye gari aukariri. Kaka aliuliza, "Mzee, tukipunguza? Tukianza na injini, breki nitafanya mwezi wa nane?" Mzee akakataa. Alisema gari hutengenezwa kwa mpango huu: kwanza kinacholisimamisha, pili kinacholikunja kona, tatu kinacholikimbiza, na mwisho kabisa kinachong'aa. Vijana tunafanya kinyume chake. Tunaanza na redio na rimu, tunafuata ekzosi, breki tunazikumbuka zikishalia. Zile 600,000 za redio zikaondoka palepale.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi. Gari lilikuwa limerudishiwa magurudumu ili lisogezwe, boneti imefungwa, limefutwa vumbi. Akapita mfanyabiashara mmoja wa mjini, akasimamisha pikapu yake, akashuka. Akalizunguka Altezza mara mbili. Akauliza la nani. Akachungulia dashibodi, akaona 81,206, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamwambia kaka: shilingi 9,500,000, taslimu, leo hii, kama lilivyo.

Wewe msomaji fanya hesabu. Kaka angepata faida ya milioni moja kamili. Asingelipa ile 1,720,000. Harusi ingechangiwa vizuri. Na wala asingesema uongo wowote; angenyamaza tu, kama alivyonyamaziwa yeye. Ndivyo dili nyingi za magari zinavyokwenda. Jamaa hakuuliza chochote. Nani amemtuma asiulize?

Kaka akaomba ajibu kesho asubuhi. Yule bwana alipoondoka, akamgeukia Mzee. "Mzee, ungekuwa wewe?"

Mzee alikuwa anafuta spana. Akasema, "Mimi ni fundi, mwanangu, sio padri. Gari ni lako. Ila akija kuniuliza, sitamficha."

Usiku ule kaka alilala kwetu. Sidhani alilala sana. Asubuhi akampigia yule bwana mbele yangu, akamweleza yote: breki, boljointi, mkanda, kona iliyolehemiwa, na kwamba namba iliyo kwenye dashibodi si ya kweli. Nilisikia sauti upande wa pili ikicheka, ikasema yeye anatafuta gari, hatafuti mgonjwa. Simu ikakatwa. Nikamuuliza kaka kwa nini. Hakunipa hotuba. Alisema, "Umeona ile pikapu? Nyuma walikuwa watoto watatu."

Basi dada aliolewa, na alikwenda kanisani katika Noah ya kuazima. Altezza lilikuwa juu ya mawe kwetu Kashai likisubiri mkanda uliokuwa unakuja kwa basi kutoka Mwanza. Maneno yalikuwepo, si unajua mambo ya harusi. Mashangazi walimtania kaka kwamba gari lake ni la kwenye picha. Mama mkubwa peke yake ndiye aliyemwita pembeni baada ya sherehe, akasikiliza habari za hozi na mlima, akasema, "Waitu, kumbe ndimo tungepanda." Wiki iliyofuata akamkopesha 500,000 za kahawa yake. Zilizobaki, 440,000, kaka alizilipa gereji kwa mafungu mawili.

Kuna watu wanadhani gari la spoti halikuumbiwa nchi zetu, kwamba barabara zetu ndizo zinazoliua. Historia inakataa. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari ya spoti yameshinda humo tena na tena. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na tena 1973, mara ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Toyota Celica zenye tabo zilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, katika tope na mawe. Tofauti yao na sisi ni kwamba nyuma ya dereva kulikuwa na kundi la mafundi wakisubiri kwenye vituo, wakibadilisha shokapu na breki kabla hazijafa. Picha za ushindi zinamwonyesha dereva juu ya boneti. Waliokuwa chini ya gari hawaonekani.

Tulilijaribu gari wiki mbili baada ya harusi: Mzee, kaka na mimi. Tulipopita Kemondo nilikumbuka kwamba katika miaka ya 1970 watafiti walichimba maeneo hayo na kule Katuruka, wakakuta mabaki ya matanuru ya chuma yanayokaribia umri wa miaka elfu mbili. Wazee wa Kihaya waliwajengea tanuru upya ili waone kazi inavyofanyika, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaichapisha habari hiyo kwa dunia. Nilimtazama Mzee aliyekuwa akisikiliza gurudumu la kushoto dirishani, nikaona kwamba kusikiliza chuma si jambo geni katika nchi hii. Tukapanda Kamachumu, tukageuza, tukashuka. Mteremko mzima Mzee hakusema neno. Tulipofika chini Muhutwe akamwambia kaka asimame, akashuka, akaweka kiganja karibu na kila rimu kupima joto. Akarudi ndani akasema, "Haya, sasa ni gari."

Kaka alilitumia miaka miwili. Kila kilichofanyika niliandika katika daftari lile, kurasa zake zikaanza kuwa nyeusi kwa vidole vya oili. Ukurasa wa kwanza, kwa agizo lake, niliandika hivi: "Kilomita za kweli: hazijulikani. Mei 2012 zilikuwa 103,420. Dashibodi ilisomeka 81,206 tulipoanza kuandika." Ukurasa wa pili nikaandika habari za kona ya kushoto. Mwaka 2023 alipohitaji fedha za mtumbwi alilitangaza kuuza, na kila aliyekuja alipewa daftari kabla ya funguo. Wanne waliondoka. Wa tano, mwalimu wa sekondari huko Muleba, alikaa kwenye benchi akalisoma lote, ndipo akaomba kuona injini. Alilinunua kwa 7,200,000.

Sitaki kukudanganya kwamba ukweli ulilipa. Weka bei ya kununua na matengenezo yale, inakuwa 10,220,000. Ametoka na pengo la milioni tatu na ushee, na kaka hajawahi kusema kwamba alipata faida ya namna yoyote. Ukimuuliza anasema tu kwamba namba ya simu yake haijabadilika, na yule mwalimu anayo.

Sisi wenye ndoto ya kuandika riwaya tunapenda kudhani uandishi unaanza siku kitabu kinapochapwa. Mimi nina miswada miwili kabatini, yenye mapenzi, machozi na mvua ya Bukoba. Lakini sentensi ambayo naamini imewahi kumfaa mtu ni hii: "Hozi ya breki, mbele kushoto, ilikuwa na nyufa, imebadilishwa." Haina sifa wala tamathali. Mtu fulani anaposhuka mlima na wanawe nyuma, sentensi hiyo inashuka naye.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukienda kununua mchuma wako, inama usome tarakimu nne za tairi. Beba sumaku. Fungua boneti utafute kikaratasi ambacho hakuna aliyekumbuka kukibandua. Tenga fedha ya pili, maana bei uliyoambiwa haijaisha. Kisha uliza daftari la matengenezo. Mara nyingi utaambiwa halipo. Nunua la shilingi elfu moja, andika ukurasa wa kwanza usichokijua, na uendelee kutoka hapo.